KUJUANA KWA MATAIFA NA KIBURI CHA NASABA

Hotuba ya Ijumaa kwa Waislamu wa Ramadhani, Njombe, na wa Makambako

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, aliyezifanya pepo kuwa watumishi wa waja Wake na akazitofautisha ndimi zao na rangi zao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na Jamaa zake na Masahaba wake, na kila awafuataye kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, yako maneno mawili yasemwayo katika miji yetu hii ya nyanda za juu, na yote mawili yanatudhuru. Neno la kwanza husemwa na jirani zetu wasiokuwa Waislamu, na mara nyingine na vijana wetu wenyewe watokapo shuleni: ya kwamba Uislamu ni dini ya wageni wa pwani, na kwamba Mbena, Mhehe, Mkinga au Mpangwa aliyesilimu ameuvua utu wa kwao akavaa wa kuazima. Neno la pili twalisema sisi kwa sisi, tena aghalabu katika mambo ya posa: ya kwamba Mwislamu aliye barabara ni yule mwenye nasaba ya ng'ambo, na ambaye babu yake alisilimu juzi hana budi kukaa safu ya nyuma. Maneno haya ni mapacha waliozaliwa tumbo moja. Yote mawili hudhani kuwa ustaarabu ulizaliwa mahali pamoja, ukapakiwa chomboni, ukashushwa ufukoni, na kuwa wenyeji hawakuwa na kazi ila kufungua mikono na kupokea.

Leo tutayapima maneno hayo kwa mafundisho ya Mwenyezi Mungu, kisha kwa habari za kale zilizothibitishwa.

Katika Suratul-Hujurat, Aya ya 13, Mwenyezi Mungu anawaambia watu wote kwamba amewaumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akawajaalia kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana, na kwamba mtukufu wao mbele Yake ni amchaye zaidi. Angalieni mambo mawili katika mafundisho hayo. Kwanza, wanaoitwa ni watu, wala si waumini peke yao. Pili, sababu iliyotajwa ya kuwako makabila ni kujuana. Na kujuana ni kazi ya watu wawili. Mmoja akiwa mwalimu daima na mwenziwe mwanafunzi daima, hapo pana kufundishwa, hapana kujuana.

Sasa tuitazame bahari. Sisi tuishio karibu mita 2,000 juu yake, katika ukungu na baridi ya Njombe, twaweza kudhani kuwa haituhusu. Lakini Suratul-Baqara, Aya ya 164, huzihesabu merikebu zipitazo baharini na mageuzi ya pepo kuwa ni katika dalili zilizowekwa kwa wenye akili, nasi tumepewa akili kama watu wa Bagamoyo.

Kuanzia Desemba hata Machi huvuma kaskazi, itokayo upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Yapata Aprili upepo hugeuka, ikaanza kusi, nayo huvuma kuelekea huko hata Septemba. Baharia aliyeletwa na kaskazi hakuweza kurudi siku aitakayo, ilimpasa kungoja. Na katika kungoja miezi hiyo alipanga nyumba, akajifunza kusema na wenyeji, akaoa. Undugu wa mwambao wetu na nchi za ng'ambo haukuanzishwa kwa amri ya mfalme yeyote. Uliletwa na upepo uliomlazimisha mgeni kukaa.

Na jambo hili ni la kale kuliko wengi wetu tudhanivyo. Kipo kitabu cha mwongozo wa mabaharia, kilichoandikwa kwa Kiyunani na mfanyabiashara wa Misri yapata katikati ya karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), yaani zaidi ya miaka mia tano kabla ya Mtume wetu kupewa utume. Mwandishi huyo analitaja soko la Rhapta, ambalo wataalamu huliweka katika mwambao wa Tanzania ya leo. Anasema kuwa zilipelekwa huko mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, na zilitoka huko pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Tena anaeleza kuwa manahodha wa Kiarabu waliofanya biashara hiyo walikuwa wameoana na wenyeji na walikuwa wakiijua lugha ya nchi. Fikirini hayo. Aliyejifunza lugha ya mwenziwe alikuwa mgeni.

Na pembe za ndovu, ndugu zangu, haziokotwi ufukoni pamoja na makoa. Tembo huishi porini, na jino lake hufika pwani juu ya bega la mtu wa bara. Basi tangu siku ya kwanza ambayo bandari zetu ziliandikwa kitabuni, mtu wa bara alikuwa mshirika katika shughuli hiyo, ingawa mwandishi hakupata kumwona wala kumtaja.

Upande mwingine wa Bahari ya Shamu ulikuwako ufalme wa Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, dola iliyopiga sarafu zake yenyewe za dhahabu na kufanya biashara na Warumi, Waarabu na Wahindi. Kila mwanafunzi wa madrasa anakijua kisa kinachofuata, lakini nataka akisikie leo kwa sikio jipya. Mwaka 615, Waislamu wa Makka walipozidiwa na mateso, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wapi? Aliwaelekeza Afrika, kwa Najashi, kwa kuwa katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme huyo Mkristo akaieleza dini yake, na Najashi akakataa kuwarudisha wakimbizi kwa adui zao. Hayo yalitokea miaka saba kabla ya Hijra ya Madina. Kwa hiyo, kijana wangu, atakapokuambia mtu kuwa Uislamu ulikuja Afrika ukiwa bwana na jeshi nyuma yake, mwambie kuwa ulifika kwanza ukiwa mgeni aliyefukuzwa kwao, ukapewa hifadhi.

Turudi sasa katika mwambao wetu wenyewe. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wataalamu walichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa wa mji uliohamwa. Walikuta msikiti juu ya msikiti, kila kizazi kimejenga juu ya msingi wa kilichotangulia, na ule wa chini kabisa ni wa karne ya nane. Haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa miti na udongo, mdogo, wa watu wachache, kama tuwezavyo kuona hata leo katika vijiji vyetu. Huko Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi katika ukuta wa kibla yanataja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni 1107 wa Miladi. Nayataja haya kwa haraka, ili nipate nafasi ya kukaa zaidi katika mji mmoja, nao ni Kilwa.

Watu wa Kilwa waliandika tarehe ya mji wao. Husimulia kuwa alikuja kutoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi, mtu aitwaye Ali bin al-Hasan, akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo. Wako waliosema kuwa hiyo ni ngano tupu. Lakini mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zipatazo elfu mbili na zaidi, na miongoni mwake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Alikuwako basi mtawala wa jina hilo.

Ipo sehemu ya habari yake ambayo haisomwi mara nyingi, nayo iliandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya kumi na sita, baada ya kuipata tarehe ya Kilwa. Anasema kuwa Ali alikuwa mwana wa sultani wa Shirazi, lakini mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ilhali ndugu zake walizaliwa na mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Ndugu hao wakamdharau kwa ajili ya mama yake. Alipochoka kudharauliwa akapanda chombo, akatafuta nchi ambayo atakuwa mtu. Sijui mahali pengine katika tarehe za mwambao palipo na somo kali kuliko hili. Mtu yule yule ambaye watu wamejifakharisha kwa nasaba yake karne baada ya karne alifukuzwa kwao kwa kuwa ni mtoto wa mwanamke mweusi!

Na Mtume wetu alikwisha kulihukumu jambo hilo. Abu Dharr al-Ghifari, mmoja katika wa mwanzo kusilimu, aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ndani yake bado mna ujahiliya. Alimwambia hayo nani? Sahaba mkweli, mcha Mungu, mwenye zuhudi. Ikiwa ujahiliya wa nasaba uliweza kujificha katika kifua kama kile, sisi tunajiaminije?

Kilwa ikastawi. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akaikuta miongoni mwa miji mizuri, na sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Utajiri wa Kilwa ulitoka wapi? Dhahabu ilichimbwa mbali sana kusini, katika uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikachukuliwa mpaka Sofala katika Msumbiji ya leo, na kutoka huko vyombo vya Kilwa vikaipandisha kaskazini, ikenda Aden, Misri na Bara Hindi. Huko Zimbabwe Kuu, ambayo kuta zake za mawe zimepangwa pasipo chokaa, zimeokotwa kauri za Uchina na bakuli la Uajemi. Na ikaokotwa sarafu ya shaba ya huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman. Watu walioijenga Zimbabwe Kuu, wahenga wa Washona, hawakuwa Waislamu wala hawakuwa na bandari. Walikuwa watu wa bara, wafuga ng'ombe na wachimba dhahabu, katika nchi ya milima na baridi. Bila ya wao, Kilwa ingekuwa kijiji cha wavuvi.

Walowezi wa Kizungu walipoziona kuta zile hawakukubali kuwa ni kazi ya Mwafrika. Walisema ni za Wafoeniki; walisema ni za Malkia wa Sheba. Wachunguzi wawili, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Bibi Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakathibitisha kuwa ni kazi ya wenyeji, na hata hivyo serikali ya walowezi iliendelea kuupendelea uongo. Na kuhusu Kilwa na Gedi ukasemwa uongo wa namna hiyo hiyo: kwamba mawe yale ni ya wageni, na wenyeji walikuwa vibarua. Lililo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya Waislamu wa pwani waliufurahia uongo huo, kwa kuwa uliwapa nafasi karibu na mtawala. Aliyeudharau Uafrika wa Zimbabwe alidharau kwa kutojua. Aliyeudharau Uafrika wa Kilwa alimdharau mama yake mzazi.

Juu ya Uchina nitasema kidogo. Makaburi ya nguzo huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za kauri za Kichina. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga katika baraza la mfalme wa Uchina. Na amiri wa merikebu kubwa za Uchina za zama hizo, Zheng He, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Watu wa Makambako, waliowaona Wachina wakitandika reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na ambao baadhi ya wajenzi hao wamezikwa Gongo la Mboto, wasidhani kuwa ile ilikuwa mara ya kwanza kwa mataifa haya mawili kukutana. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa Mchina kupanda hata Makambako.

Na ambaye bado anadhani kuwa mambo haya ni ya watu wa mbali, akitoka msikitini leo alitazame shamba lake. Viazi mviringo asili yake ni milima ya Peru, katika Amerika ya Kusini. Mahindi na parachichi vilitoka Meksiko na nchi jirani zake, ingawa sisi tuliyaita mahindi kwa kudhani yametoka Bara Hindi. Ngano ililimwa kwanza katika nchi za Shamu na Iraki. Chai ya Luponde ni mti wa Uchina, na jina lake tumelipokea kutoka huko kwa mikono ya Waajemi na Wahindi. Miwati inayotupa makaa na magome ni miti ya Australia. Wala hatukupokea tu. Mtama ni zao la Afrika, na ulivuka bahari ukafika Bara Hindi zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Kahawa ilitoka Uhabeshi ikaenda Yemen, na huko masufi waliinywa wapate kukesha katika dhikri. Kwa hiyo ibada nyingi za usiku katika Arabuni zilisaidiwa na mbuni wa Afrika. Jembe moja la Mbena huigusa kila siku kazi ya mabara matano, na hakuna amwambiaye kuwa si Mbena kwa sababu anakula viazi vya Peru. Kwa nini basi aambiwe kuwa si Mbena kwa sababu anamsujudia Mola wa walimwengu wote?

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

(Hotuba ya pili)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Ndugu Waislamu, nimesifu kujuana kwa mataifa. Lakini mizani haipimi upande mmoja. Njia ile ile iliyopitisha dhahabu na Qur'ani ilipitisha pia wanadamu waliofungwa. Nimemtaja al-Hasan bin Sulaiman na ukarimu wake. Yapasa mwisikie habari yote. Ibn Battuta anasimulia kuwa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa mwilini, naye akaingia ndani akabadili, akampa. Mwanawe akazitaka tena nguo zile kwa baraka yake, akamlipa fakiri watumwa kumi. Na sultani alipoona watu wanalishukuru tendo hilo, akaamrisha aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe. Watu ishirini, ndugu zangu, walitolewa sadaka kama vile hutolewa nguo. Ibn Battuta aliuona ukarimu. Wale ishirini, ambao nao walikuwa na mama zao, hakuandika hata jina la mmoja.

Mambo hayo yaliendelea. Katika karne ya kumi na tisa Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwatoa watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa, na hizo si nchi za mbali nasi. Ziwa hilo ni la ndugu zetu wa Ludewa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hata mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini chini ya vitisho vya Waingereza. Wengi wa wauzaji walikuwa na majina kama yetu na walisali kama tusalivyo. Hatuna ruhusa ya kuyaficha hayo. Mzee wa Kipangwa akikumbuka yaliyompata babu yake na akasita mbele ya mlango wa msikiti, asitukanwe. Anayo hoja. Jibu lake si kukana. Jibu lake ni kumwonyesha kuwa dini iliyomkemea Abu Dharr ilikuwa inawakemea na wauzaji wale, nao hawakusikia.

Na sasa nifike katika jambo lililonifanya niyaseme yote haya. Mwaka 2023 wataalamu walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kuichunguza mifupa ya watu 80 wa kale, walio wengi wakiwa wamezikwa katika miji ya mwambao, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Katika mifupa hiyo nasaba husomwa kama tusomavyo maandishi. Waliona kuwa upande wa kike wa watu hao karibu wote ulikuwa wa Afrika. Upande wa kiume, katika wengi, ulitoka Asia, na hasa Uajemi. Na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Habari ya Shirazi, basi, haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya habari. Waliosimulia walihesabu baba, na baba wa baba, wakafika Uajemi, mama hawakumhesabu.

Lakini mama hakuhitaji kuhesabiwa ili afanye kazi yake. Wale wanaume wa Kiajemi walizaa watoto, na watoto wakasema lugha gani? Hawakusema Kiajemi. Kiajemi kimetuachia maneno machache, kama bandari na serikali. Walisema lugha ya mama zao, ambayo mifupa yake ni ile ile ya Kibena, Kihehe na Kikinga, na ambayo ndiyo ninayohutubia kwayo saa hii. Kila asemaye Kiswahili akijifakharisha kwa baba zake wa ng'ambo, anajifakharisha kwa ulimi aliopewa na mwanamke wa Kiafrika.

Enyi akina baba, na nyinyi akina mama mnaotusikiliza majumbani! Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea; Njombe ina watu wa kila pembe. Vijana wa Kiislamu wa makabila mbalimbali wanakutana shuleni, sokoni na kazini, na posa zinaletwa. Nazo zinavunjwa. Kijana anasali, ana kazi ya halali, hana sifa mbaya, lakini huambiwa kwa adabu kuwa mambo yatafikiriwa, kisha jibu haliji. Na chini ya pazia huulizwa, wao walisilimu lini? Imepokewa na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha akija mposaji ambaye dini yake na tabia yake vyaridhisha aozwe, na akaonya kuwa kutofanya hivyo kutaleta fitina na uharibifu mkubwa katika nchi.

Najua nitakalojibiwa na wenye kusoma. Watasema kuwa katika madhehebu yetu ya Imam Shafi wanachuoni wameitaja kafaa, nao wameihesabu nasaba ndani yake. Ni kweli wameitaja. Lakini hao hao wamesema kuwa hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa husihi pasipo dosari. Haki ambayo mtu ameruhusiwa kuiacha, vipi imegeuzwa na baadhi yetu kuwa faradhi ya kumkataa Mwislamu mwenziwe? Fatima bint Qays alikuwa Mkureshi wa ukoo, na alikwisha kuposwa na Muawiya na Abu Jahm. Alipomtaka shauri Mtume, alimwelekeza kwa Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Bibi huyo kwanza hakupendezwa. Kisha akatii, na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa alipata kheri kwa mume huyo hata wanawake wenziwe wakamwonea wivu.

Naomba mambo mawili yafanyike kabla ya Ijumaa ijayo. Wazee wenye posa nyumbani ambazo hazijajibiwa, wazijibu; na kama jibu ni la kukataa, sababu iwe ile wawezayo kuitaja mbele ya Mwenyezi Mungu. Na wanafunzi, wa madrasa na wa sekondari, kila mmoja aende kwa bibi yake akiwa na daftari, aandike jina la mama wa bibi, na mama wa huyo, na walikotoka, mpaka kumbukumbu iishe. Wengi wenu mnajua mababa saba. Ileteni hapa hesabu ya mama.

Ewe Mola, warehemu mama zetu waliotutangulia, tuwajuao majina na wale ambao majina yao hayakuandikwa na mtu. Warehemu waliovukishwa bahari kwa minyororo wakafa mbali na kwao. Wape vijana wetu wake wema na waume wema. Teremsha mvua ya manufaa katika mashamba ya Njombe na Makambako, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Simamisheni Swala.